Karatasi Zimehamia Kwangu

Hawa wanaosema karatasi zimekwisha, wamezipeleka wapi? Mimi najua. Zimehamia kwangu. Ofisi zimepumua, makabati ya chuma yameuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na yale mafaili yaliyokuwa mle ndani sasa natembea nayo mimi kwapani, jua la saa nane, dirisha hili hadi lile.

Juzi niliingia ofisi moja, siitaji. Ukutani pana tangazo: OFISI HII HAITUMII KARATASI. Limeprintiwa kwenye A4, likalaminetiwa, likabandikwa kwa solotepu kona zote nne. Nikasema afadhali. Nikatoa simu, nikamwonyesha dada wa dirishani barua yangu ya serikali ya mtaa, nimeipiga picha safi kabisa, hata kidole gumba changu hakionekani. Dada akaikuza kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akaisogeza kulia, akanirudishia simu.

"Sasa baba, muhuri nitaugonga wapi? Kwenye kioo?"

Akanielekeza. Nikaiprinti ile barua, niilete agonge muhuri, nikaiskani, niipandishe kwenye mfumo. Mfumo utanipa fomu. Fomu niiprinti, nisaini, niirudishe pale pale kwake. "Na kopi mbili, baba." Kopi za nini tena? Za kwenye faili. Na faili lipo kweli, nililiona kwa macho yangu: wameliweka chini ya kompyuta ili kioo kiinuke kidogo.

Ndiyo maana nasema nchi hii ya kidijitali inaendeshwa na kijana wa steshenari. Kibanda chake mkiingia watatu mmoja lazima apumue kwa zamu, lakini mambo yetu yote yamo humo. Ndiye aliyenifungulia barua pepe. Ndiye aliyenichagulia neno la siri. Ukimuuliza siri yenyewe, anavuta kaunta buku lenye gamba jeusi, analamba kidole, anafunua: Baba Neema, Mama Ashura, Mjumbe, Mchungaji, kila mtu na neno lake la siri kwa peni ya bluu. Vyeti vya kuzaliwa vya mtaa mzima vimetapakaa kwenye kompyuta yake, na vya marehemu vimo. Siku akigombea udiwani nani atathubutu kumnyima kura?

Halafu namba. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Tokeni ya LUKU, ya umeme, 20. TIN, ya mlipa kodi, tisa. Kontroo namba, hii tunayolipia mambo ya serikali, 12. Bado ile ya uhakiki inayokuja kwa meseji, yenye umri wa dakika chache, na kwa mtandao wa huku kwetu inafika ikiwa marehemu. Unaomba nyingine, inakuja ile ya kwanza. Hizo namba zote nimeziandika nyuma ya kalenda ya ukutani, na ole wake atakayeichana ikifika Desemba.

Na pale walipokubali kutuachia karatasi, wametupa isiyokaa. Chukua risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi dukani. Haina wino ile. Karatasi yenyewe imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto la mashine. Iache juani au iloe jasho mfukoni, baada ya muda inarudi nyeupe. Friji yangu imekufa ikiwa ndani ya garantii. Nimefika dukani na risiti, muuzaji ameigeuza mbele, ameigeuza nyuma, ananiuliza, "Mzee, hii ya tishu?" Kumbe wajanja wakishanunua kitu wanakwenda kwanza kuitolea kopi ile risiti. Wapi? Steshenari.

Shule nayo. Kazi za nyumbani zinatumwa kwenye grupu la wazazi, PDF kurasa kumi na kitu, "Wazazi tunaomba mwaprintie watoto." Sawa, tumeprinti. Muhula ukianza, orodha ya mahitaji: ndoo, fagio, na rimu mbili za A4. Rimu moja ni karatasi 500. Kama kazi naprinti mimi, zile 1,000 wanazifanyia nini? Nimeuliza kwenye grupu, mwalimu ameniwekea alama ya dole, basi.

Ila kinachoniuma zaidi ni kadi za michango ya harusi. Zamani kadi ilikuwa na adabu. Inapitia kwa shemeji, shemeji anaisahau kwenye begi, harusi inapita, mkikutana unalalamika wewe: "Jamani, hata kadi hamkuniletea!" Siku hizi inaingia kwenye simu saa kumi na moja alfajiri, na namba ya kutumia pesa ipo chini, na jina la atakayepokea. Ukiifungua tu, tiki za bluu. Kamati imeshakuona. Nimezima zile tiki, mwenyekiti wa kamati akanipigia: "Kaka, naona umezima tiki, kuna tatizo?"

Leo nilikuwa namalizia ombi langu la kiwanja. Kila kitu tayari, muhuri umegongwa, fomu imesainiwa, imebaki kupandisha tu. Nimefika steshenari, nimekuta kufuli. Mlangoni pana kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye lile kaunta buku: "Nimepata msiba, nimekwenda Singida. Narudi Jumatatu." Namwombea marehemu apumzike salama. Lakini mfumo unafungwa Jumapili saa sita usiku, na neno langu la siri liko Singida.