Tunafungua viwanda vya dawa, nani anapika dawa yenyewe?

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaani mtu katupia ile habari ya sindano ya lenakapaviri ya kujikinga na VVU, kwamba kuanzia 2027 nchi kama Tanzania yetu zitaipata kwa dola 40 kwa mtu mmoja kwa mwaka, na chini yake akaandika "wazungu wametuhurumia jamani". Watu wakajaza vimikono vya kushukuru. Nimeshinda na hiyo meseji imenikaba kooni ndio maana naandika hapa.

Sindano hiyo hiyo iliporuhusiwa Marekani Juni 2025 ilitangazwa kwa dola 28,218 kwa mwaka. Hakuna huruma ya kushuka kutoka huko mpaka 40. Gilead, kampuni ya Marekani yenye dawa yake, walitoa leseni kwa kampuni sita Oktoba 2024 zitengeneze kwa ajili ya nchi 120, na sisi tumo, halafu kampuni mbili za Hyderabad kule India, Dr. Reddy's na Hetero, ndio wakaja na hiyo bei. Nakubali kuna hela za wafadhili zimeingia, na bila leseni wasingeigusa. Ila leseni ukimpa asiyejua kupika ile molekuli ni karatasi tu, na ile molekuli si ya kitoto, ina atomi kumi za florini, na kila hatua ya kuiunda kuna kitu kinapotea, kuna kimiminika cha kuyeyushia kinanunuliwa na kumwagwa, kuna uchafu wa kuchuja. Anayejua kupunguza hatua mbili pale ndiye anayeshusha bei. Na tusisahau mabinti wa Afrika Kusini na Uganda ndio walioijaribu kwenye miili yao, 2,134 walipewa sindano na majibu yalipotoka 2024 hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Afrika imetoa kitu kikubwa hapo, hatukukaa tumekinga mikono.

Hapa kwetu ukisema utafiti wa dawa mtu anawaza mgunduzi na darubini, au majani ya porini. Upande wa kutengeneza tunauona kama kazi ya fundi. Mimi nasema huo ndio utafiti wenyewe kwa nchi kama yetu, na niko tayari kubishana na yeyote.

Chukua mfano ambao kila anayehudhuria CTC, kliniki ya VVU, anaujua. Zamani kile kidonge kimoja cha siku kilikuwa na efavirenzi miligramu 600. Shangazi yangu alikuwa anakimeza usiku tu, akikimeza mchana kizunguzungu, na usiku nako ndoto za kutisha. Kuanzia 2019 ikaja TLD, kidonge cha tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, yaani ndani yake efavirenzi imetolewa ikawekwa dolutegraviri miligramu 50. Wengi tuliona nafuu ya ndoto. Lakini piga hesabu ya kiwandani: watu milioni moja kwa mwaka ulikuwa unahitaji tani 219 za efavirenzi, sasa dolutegraviri unahitaji tani 18 na ushee. Ndio maana kidonge kimepungua, chupa imepungua, kontena zimepungua pale bandarini, na 2023 Global Fund, mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, wakatangaza wanainunua TLD chini ya dola 45 kwa mwaka, wakati mwanzoni mwa miaka ya 2000 matibabu ya VVU yalikuwa zaidi ya dola 10,000. Hamied wa Cipla, kampuni ya dawa ya India, alipotikisa dunia 2001 kwa kutaja dola 350 kwa mwaka, nyuma yake kulikuwa na watu wa kemia ambao hatuwajui hata majina.

Sasa sisi watu hao tunawatoa wapi? Nilipokuwa nasoma kemia tulipelekwa fildi kwenye kiwanda kimoja hapa mjini, unga unaotibu unakuja na mapipa tayari kutoka nje, kazi inayobaki ni kuchanganya, kugandamiza vidonge na kufungasha, na sisi wanafunzi tukawekwa kwenye kubandika lebo. Chuoni mashine ya HPLC, ya kupima usafi wa dawa, ilikuwepo, imefunikwa na nailoni, kolamu, yaani mrija wake wa kutenganishia, imekufa na hela ya kununua nyingine haijatoka, kwa hiyo tumefundishwa kuisoma ubaoni. Darasani kwetu kulikuwa na kichwa kimoja, huyo jamaa ukimpa hatua tano za kuunda kitu anakurudishia tatu, leo anauza vifaa vya simu Kariakoo. Inaniuma kila nikipita pale.

Na usiniambie hatuwezi. TMDA, mamlaka yetu ya dawa, 2018 ikiwa bado inaitwa TFDA ilikuwa ya kwanza Afrika kufika ngazi ya tatu ya WHO kwenye udhibiti wa dawa, yaani mkaguzi tunaye wa uhakika, kilichokosekana ni cha kukagua. Kenya, kampuni ya Universal pale Kikuyu, mwaka 2025 TLD yao imenunuliwa na Global Fund ikaenda Msumbiji. Msumbiji, jirani yetu sisi! Misri nao walijitengenezea dawa za homa ya ini C mpaka wakatibu mamilioni.

Teknolojia nayo imebadilika kwa faida ya wadogo. Aprili 2016 Marekani waliruhusu vidonge vya Prezista, vya darunaviri, dawa ya VVU hii hii, vitengenezwe kwa mtiririko badala ya mafungu, kule Puerto Rico. Ni kama mashine ya kusaga ya Manzese, mahindi yanaingia juu unga unatoka chini, husubiri pipa zima liive ndipo ugundue limeharibika. Eneo dogo, na ubora unapimwa humo humo inapotoka. India na China zinatuzidi kwa ukubwa, umeme na malighafi, hilo sibishi, na kilo yetu ya kwanza itakuwa ghali.

Ninachotaka ni kidogo: wizara na COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, watenge hela ya maabara moja ya kupika dawa yenyewe, Muhimbili au Mlimani, ianze na tenofoviri. Aliigundua Antonín Holý kwenye taasisi ya Prague akishirikiana na De Clercq wa Ubelgiji, Gilead wakaifanya imezeke, ikaruhusiwa 2001, hataza zake za msingi, yaani haki za mgunduzi kuzuia wengine wasiitengeneze, zimeshaisha. Imo ndani ya TLD, na hiyo hiyo inatibu homa ya ini B, ambayo wagonjwa ninaowajua mimi hapa mjini wanajinunulia mfukoni kila mwezi. Na Bohari ya Dawa waseme mapema kwa maandishi watanunua kilo ngapi kwa miaka mitano, hata kama mwaka wa kwanza bei yetu itaizidi ya Hyderabad.