Jeni au mazingira? Swali lenyewe limekaa vibaya

Huu mjadala kila ukianza watu wanagawanyika, hawa wanasema ni jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, mtu anazaliwa alivyo na hutambadilisha, wale wanasema malezi na maisha ndo yanamtengeneza. Mi naona wote wana hoja, ila wanagombania kugawa kitu kisichogawanyika.

Chukua ugonjwa wa fenilketonuria, ambao daktari wa Norway Asbjørn Følling aliueleza mwaka 1934. Mtoto anarithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia, mwili wake unashindwa kuvunja fenilalanini, na hiyo imo karibu kwenye kila protini tunayokula, basi inajazana kwenye damu na kuharibu ubongo taratibu mpaka anapata ulemavu wa akili. Ugonjwa wa kurithi kabisa, si ndio? Lakini akipimwa siku chache baada ya kuzaliwa, tone tu la damu ya kisigino, akawekwa mapema kwenye lishe yenye fenilalanini kidogo sana na akaizingatia, anakua na akili zake timamu. Jeni ni zilezile, hakuna aliyezigusa, kilichobadilika ni chakula. Sasa niambie hapo asilimia ngapi ni jeni na ngapi mazingira? Hesabu hiyo haipo, maana bila zile jeni hakuna ugonjwa, na bila kile chakula ubongo hauharibiki.

Wengi wanachanganywa na ile asilimia 80 ya urefu. Ni kweli, tafiti za mapacha kwenye nchi zenye lishe nzuri zinaonyesha tofauti za urefu zinatokana na jeni kwa kama asilimia 80, ila hizo ni tofauti kati ya mtu na mtu ndani ya kundi moja, haisemi kitu kuhusu urefu wako wewe peke yako. Wanawake wa Korea Kusini wameongezeka kama sentimita 20 ndani ya karne moja, na jeni za watu hazibadiliki kwa kasi hiyo. Lakini wakila sawa wote, mtoto wa wazazi warefu kwa kawaida bado atawapita wenzake.

Upande wa jeni usibezwe pia. Jeni ya Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, ikiwa na kasoro kamili, mtu akiishi umri wa kutosha ataugua tu, hata ajitunze vipi. Skizofrenia, ule ugonjwa mkali wa akili, ni tofauti, pacha wa kufanana (wenye jeni zilezile) akiugua hatari ya mwenzake inapanda sana, na bado wengi wa hao wenzao hawaugui kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba kila upande ukishikiliwa peke yake umeumiza watu. Walioamini damu tu ndo waliofanya Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1927 ikaruhusu watu kufungwa kizazi kwa lazima, na kwa jumla kule walifungwa zaidi ya 60,000. Walioamini malezi tu nao, miaka ya 1950 na 1960, waliwaambia akina mama kwamba watoto wao wana usonji, yaani ile hali ya ubongo inayompa mtoto shida ya kuwasiliana na kuchangamana na wenzake, kwa sababu hawakuwapenda vya kutosha, mpaka tafiti za mapacha kuanzia 1977 zikaonyesha usonji unarithiwa kwa kiasi kikubwa, na kufikia hapo akina mama wengi walishabeba lawama hiyo miaka na miaka.