Jamani, Hizo Spika Msizitoboe

Hivi ni nani aliyewaambia watu wa Mtwara kwamba spika lazima iwe na tundu? Maana toka nizipate hizi spika zangu, kila anayeingia sebuleni, kabla hata hajaitikia salamu, anazunguka mbele, anazunguka nyuma, anainama, halafu ananiuliza kwa sauti ya msibani, "Sasa hapa besi inatokea wapi?"

Zenyewe nimezikuta Magomeni kwa jamaa anayeuza vitu used, kazipanga chini, juu kaweka pasi mbovu na feni lisilo na mapanga. Akanitajia bei ya stuli kwa sababu alidhani ni stuli. Nikageuza nyuma nikaona kibandiko: Acoustic Research, AR-2ax, Cambridge, Massachusetts. Moyo ukanilipuka lakini uso nikaukunja, si unajua, ukicheka tu bei inapanda. Nikalipa nikasepa, yeye huku nyuma anashangaa mtu mzima anakumbatia stuli kwenye bajaji.

Ngoja niwaeleze maana mnanichosha. Zamani kule Marekani ukitaka besi ya kueleweka ulinunua kabati la spika kubwa mpaka mke anatafuta pa kukaa. Akatokea mzee mmoja, Edgar Villchur, akachukua boksi dogo akalifunga kila upande, hewa isitoke wala isiingie, mpira unaoshika koni, ile karatasi inayotikisika ikatoa sauti, akaulegeza kabisa, kazi ya kuirudisha koni akaiachia hewa iliyofungiwa ndani. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole halafu sukuma, kile kinachokurudisha mkono ndiyo hichohicho. Kampuni hiyo ya Acoustic Research akaianzisha 1954 na mwanafunzi wake Henry Kloss, hataza ya ubunifu huo akapewa 1956. Kwa hiyo hilo tundu mnalolitafuta halipo, na kutokuwepo kwake ndiyo spika yenyewe!

Tena hao watu walikuwa na chumba ndani ya stesheni ya treni ya Grand Central, New York, unaingia unakaa unasikiliza mziki na hakuna anayekuuzia kitu. Hebu fikiria chumba hicho pale stendi ya Mkanaledi. Wimbo wa kwanza haujafika kiitikio mtu kashakuwekea mapajani korosho za kukaanga, soksi, na tiketi ya Masasi.

Sasa tuje kwa fundi. Hizi za miaka ya 70 mpira wa besi ni wa sponji, na sponji ina umri wake, unyevu unaila polepole, na kwa joto letu hili na upepo wa bahari usiseme, nilipogusa kwa kidole tu ikamwagika unga. Nikaenda kwa fundi redio mmoja hapa mjini kuomba ushauri, ushauri tu jamani. Akaiangalia akaniambia, "Bosi, hizi haziongei kwa sababu hazipumui. Tupige tundu hapa chini, tuchomeke bomba la inchi tatu, uone mziki." Na drili kashaishika! Fundi huyuhuyu ukimpelekea redio ndogo ya betri anakaa nayo mpaka msimu wa korosho unaisha, ila kwenye kutoboa kapata mzuka papo hapo. Nikamwambia fundi, hewa ikivuja hapa koni haina wa kuizuia, itaruka mpaka koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, igonge chuma. Akanitazama, akanijibu taratibu, "Bosi, hawa wa kiwandani walisahau." Eti walisahau. Massachusetts nzima wamesahau tundu, kakumbuka yeye!

Alipoona sielewi akaniletea ofa ya pili, tukate tyubu ya baiskeli tubandike badala ya sponji, "haiozi hii bosi, utazikwa utaiacha." Ni kweli haiozi haraka kama sponji, ila ni nzito na ngumu, na shughuli yote ya mzee Villchur ilikuwa koni iwe legevu. Nikabeba spika zangu.

Mpira wa inchi 10 nikaagiza nje, na kubandika nimebandika mwenyewe. Kazi siyo gundi, kazi ni koili kukaa katikati ya sumaku bila kugusa popote, kwa hiyo unatoa kile kifuniko cha katikati ya koni, unapenyeza vipande vyembamba vya plastiki au kadi kuzunguka koili, ndiyo unapaka gundi na kuacha ikauke bila haraka. Nikasema nitatumia kadi za vocha, zile za kukwangua, saizi yake kabisa. Haya, kadi ya vocha siku hizi utaipata wapi wakati kila mtu ananunua salio kwenye simu? Nimezunguka Chikongola nainama naokota nakung'uta naweka mfukoni, mpaka mama mmoja muuza mihogo akanionea huruma akanipa mia tano, "Shika baba, kanywe chai." Nikapokea, ningemwelezaje?

Nyumbani nako kulikuwa na balaa lake. Ndani ya haya maboksi kumejazwa pamba ya kioo, ya njano, laini kwa macho, nimeitoa nimeiweka kwenye beseni. Mama mkwe alikuwa kaja kutusalimia kutoka Newala. "Mkwe wangu, sufi yote hii unaificha kwenye boksi na mimi nalalia mto umesinyaa?" Mama, hiyo siyo sufi, ni kioo. "Kioo kinakuwaje pamba?" Nikatoka kidogo kufuata gundi, narudi, foronya imeshajaa na imeshashonwa! Usiku huo hatukulala, anajikuna shingo anajikuna mashavu, na lawama zote zangu mimi mwenye kufuga vioo ndani. Na pamba yenyewe inatakiwa irudi yote, kwa uzito uleule, ukiipunguza, sauti ya spika inabadilika, ikabidi nitume maombi ya foronya kwa kupitia mke wangu, kwa heshima zote.

Vile vinobu viwili vya nyuma vya kurekebishia sauti navyo vilikuwa vimeota ukijani ndani, ndiyo maana twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ilikuwa bubu, nimevifungua nimevisugua ikaongea, basi.

Nikafunga. Ukitaka kujua imefunga vizuri unaisukuma koni kwa vidole, kwa adabu, halafu unaachia. Ikirudi taratibu kwa uvivu, boksi halivuji, ikirudi paap, rudi ukazibe. Yangu ilirudi kivivu mpaka raha, nikamwita mke wangu aje aone. Akaona, akauliza, "Kwa hiyo ndiyo mbovu?"

Shida ni kwamba spika za kufunga zinakula wati nyingi zinatoa kelele kidogo, zinataka amplifaya iliyoshiba. Jirani yangu, kijana tu, ana sabufa la taa za rangi, akiwasha bati zetu wote zinatetemeka, basi kila akipita ananipoza, "Mzee, yako mbona inanong'ona?" Besi yangu unasikia kila kidole cha mpiga gitaa bwana, ya kwake unasikia bati! Lakini nani anajali. Kamati ya kumtoa mwali mtaa wa pili ilikuja kuziazima, wakakaa, wakasikiliza wimbo mzima, wakanishukuru sana, wakatoka hapo moja kwa moja kwa yule kijana.

Sasa hivi mgogoro ni shemeji yangu, kaleta kidude cha Bluetooth chenye kioo na sehemu ya flashi, anataka tukipachike mbele ya spika, "tunakata kidogo tu shem." Kidogo tu! Nimemwambia kikae huko kwenye amplifaya, waya si upo? Kanyamaza, ila nimemfuma anapima boksi kwa rula. Nimezihamishia chumbani nimefunga na kufuli, maana leo nimepita pale kwa fundi naambiwa drili haipo, imeazimwa.