Kamba chotara wana kosa gani?

Nilianza na kamba cheri kumi wekundu, wale kamba wadogo wa mtoni wanaofugwa katika tangi la kioo kwa ajili ya kupendeza macho. Baada ya miezi michache nikaongeza wanane wa buluu, kwa sababu nyekundu na buluu juu ya majani mabichi hupendeza macho, na hakuna aliyenionya. Watoto wa kwanza walipozaliwa nikajiambia hawa bado wachanga, rangi itakolea. Haikukolea. Walikua wakawa rangi ya chai iliyozidi maji, wengine na madoa kana kwamba wamerushiwa tope. Kufikia mwaka wa pili wazee wenye rangi walikuwa wameshakufa, maana kamba hawa huishi mwaka mmoja au miwili tu, na tangi zima likabaki la kahawia.

Karibu kila mfugaji ana kisa cha namna hii. Ndiyo maana ukitaja habari ya kuchanganya kamba wa rangi au aina tofauti mbele ya wakongwe wa mambo haya, unatazamwa kama mtu aliyetukana mkwe. Usichanganye, basi, mjadala umekwisha. Kwa anayeanza ni ushauri mzuri, nami ningempa huo huo. Ila kwa wengi limegeuka suala la imani, na linalonikera zaidi ni neno wanalolitumia kulitetea: "asili".

Asili ipi? Cheri mwekundu, wa buluu, wa manjano, wa machungwa na wa chokoleti wote ni spishi moja, Neocaridina davidi, yenye asili yake Asia ya Mashariki. Kule mitoni kamba huyu ni wa kahawia hafifu, karibu aonekane hadi ndani, na hana sababu ya kuwa vingine akiwa kitoweo cha kila samaki apitaye. Hizo rangi zote ni kazi ya watu waliokaa mbele ya vioo wakichambua kizazi baada ya kizazi. Kwa kurahisisha tu: ukoo mwekundu umepoteza kipande kimoja cha mpangilio wa rangi za babu, wa buluu umepoteza kingine. Ukiwaoanisha, kila mzazi anajaza pengo la mwenzake, na babu anarudi. Kamba wangu wa rangi ya chai hawakuharibika. Walirudi kwao.

Hofu nyingine haina msingi kabisa. Watu huuliza kama cheri atazaa na kamba Amano, yule mkubwa mla mwani aliyepewa jina la Mjapani Takashi Amano, mbunifu wa matangi. Hazai naye. Cheri ni jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Neocaridina, Amano ni Caridina, na mbegu zao hazikutani. Isitoshe, viluwiluwi vya Amano huhitaji maji ya chumvi ili wakue, kwa hiyo katika tangi la maji baridi hata wao kwa wao hawatakuletea mtoto.

Utamu wa mambo uko ndani ya Caridina. Katika miaka ya 1990 huko Japani, mfugaji Hisayasu Suzuki aliona kamba mwekundu katikati ya kamba nyuki, spishi ya Caridina yenye rangi nyeusi kwa nyeupe. Alimtenga, akamzalisha, akachambua kwa miaka, na hapo ndipo ilipotoka Crystal Red, nyekundu kwa nyeupe, inayojulikana kila mahali leo. Fikiria maana yake. Ukoo mzima wenye jina la heshima kiasi hicho ulipita katika mlango mwembamba, ndugu kwa ndugu, binamu kwa binamu, na mpaka leo ukikosea maji kidogo tu wanaanguka mmoja mmoja. Huo "usafi" ulilipiwa kwa afya.

Kisha Taiwan ikatoa aina nyingine za kamba nyuki, Panda, King Kong na Wine Red, wenye rangi nzito iliyofunika karibu mwili wote. Wale wa mwanzo walikuwa dhaifu mno, na waliowanusuru ni watu waliothubutu kuwarudisha kwa Crystal. Chotara wao wakaitwa kwa neno la Kijerumani, Mischling. Hesabu yake naipenda. Panda akizaa na Crystal Black, yaani Crystal mweusi kwa mweupe, watoto wote wanatoka na sura ya Crystal, jeni ya Panda imejificha. Ukiwaoanisha watoto hao wenyewe kwa wenyewe, takriban mmoja kati ya wanne anazaliwa na sura ya babu yake Panda. Ukimrudisha binti kwa baba, inakuwa nusu kwa nusu. Lakini kamba huchukua miezi minne au mitano kukomaa, na jike hubeba mayai chini ya mkia karibu mwezi mzima, hivyo jibu la swali uliloliuliza leo utalipata baada ya mwaka.

Kamba nyuki na kamba simbamarara nao, ambao wanasayansi waliwapa majina mawili tofauti mwaka 2014, Caridina logemanni na Caridina mariae, wanazaana vizuri na watoto wao wanazaa. Katika mchanganyiko wa simbamarara na wale wa Taiwan ndimo alimotoka Pinto, mwenye michirizi na mabaka kichwani. Namjua mfugaji mmoja anayehubiri dhidi ya chotara kila akipata nafasi, na tangi lake la mbele, lile la kuonyesha wageni, limejaa Pinto. Sijawahi kumuuliza.

Kwangu mimi kinachotenganisha tangi langu la chai na tangi la Pinto ni daftari. Nani baba, nani mama, wamezaliwa lini, nani ametengwa kabla hajakomaa. Bila hayo umemwaga rangi zote ndoo moja. Na uongo wa daftari ndio ninaouona dhambi hasa. Niliwahi kuuziwa Crystal Red nikiapiwa kwamba ni ukoo safi. Kizazi cha pili akatokea mtoto mmoja mwekundu mzito kama divai, hana weupe wa kutosha hata wa kuhesabu. Wazazi wake walikuwa Mischling wote wawili. Kusema kweli nilifurahi, yule mdogo alikuwa mzuri kuliko wote. Lakini kama ningekuwa nimewauza ndugu zake kwa kiapo kile kile, uongo ungekuwa wangu.

Wale wasiotakiwa nao wana haki ya kuwekewa mpango kabla hujaanza. Wangu wanakaa tangi la peke yake wakila mwani, hawadai kitu. Kuwamwaga mtoni hapana. Kijito cha Gillbach huko Ujerumani, kinachopata joto la maji ya kituo cha umeme, leo kina Neocaridina wanaozaliana humo, maelfu ya kilomita kutoka kwao, na hawakufika kwa miguu.

Kuna mahali ambapo hata mimi nasema usichanganye, tena kwa ukali. Caridina dennerli, yule mwekundu mwenye vitone vyeupe, anatoka ziwa Matano katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia. Alipewa jina la kisayansi mwaka 2009 na tayari yumo katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Cheri akirudi kahawia, nyuma yake kuna mito iliyojaa babu zake. Dennerli tukimvuruga matangini, huenda tusiwe na pa kumrudia. Kwa huyo sitaki jaribio wala udadisi.

Kwenye daftari langu wiki hii: jike namba tatu, Crystal Black, mayai siku ya 24. Macho ya watoto yameanza kuonekana, vitone viwili viwili vyeusi ndani ya kila yai. Baba ni Panda, kwa hiyo wote watatoka na sura ya mama, na mimi nangojea wajukuu.