Hedifoni za bei mbaya uzipime saa ya pili, sio dakika ya tano

Nimekuwa na hedifoni masikioni karibu kila siku kwa miaka mingi, kazini, usiku kabla ya kulala, mara nyingine hata muziki umeisha na bado nimezivaa tu, na kadri ninavyozidi kusikiliza ndo ninavyozidi kuamini kwamba wengi wetu tunaponunua hizi za hali ya juu tunazipima vibaya. Mtu anavaa, anaweka wimbo anaoupenda, besi inapiga, macho yanamtoka, basi keshanunua. Dakika tano zile karibu hedifoni yoyote ya bei mbaya itakuteka. Kazi ipo saa ya pili.

Niliwahi kuwa na za planari, zile ambazo badala ya koni ndogo zina utando mwembamba uliotandazwa kati ya sumaku na unasukumwa wote kwa pamoja. Jina sitalitaja. Sauti yake mpaka leo naikumbuka, besi ilikuwa inashuka chini kabisa bila kuvimba, na kwenye nyimbo zilizorekodiwa vizuri unasikia kabisa kidole cha mpiga gitaa kinateleza kwenye waya kabla hajaigusa noti inayofuata. Lakini fremu chuma, vikombe mbao nzito, sumaku kila upande. Nusu saa ya kwanza husikii kitu. Baadae kinaanza kidoti cha maumivu pale utosini, sehemu moja tu kama ukubwa wa sarafu, unasogeza ukanda mbele kidogo na chenyewe kinahama, unaurudisha nyuma kinahama tena, afu shingo nayo inaanza kukaza. Nikaja kugundua albamu nilikuwa siimalizi, nafika nusu naziweka mezani. Hedifoni nzuri kuliko zote nilizowahi kumiliki ndo nilikuwa nazisikiliza kidogo kuliko zote. Niliziuza, na kuziuza kuliniuma.

Tangu hapo kitu cha kwanza nachoangalia kwenye karatasi ya vipimo ni gramu. Na tofauti ni kubwa jamani, watu hawaioni kwa sababu kwenye picha zote zinafanana. Audeze LCD-X ni gramu 612, LCD-4 inafika 735. Focal Utopia, ambayo mikono yake ni ya kaboni faiba, bado ni 490. AirPods Max na vikombe vyake vya alumini na fremu ya chuma cha pua ni kama 385, wakati Sony WH-1000XM5 ambayo sehemu kubwa ni plastiki ni 250 tu. Sennheiser HD 800 iliyotoka 2009, yenye draiva, yaani kile kispika cha ndani, ya milimita 56 ambayo ni kubwa kweli, wameweza kuibakiza kwenye 330, na HD 600 ni 260.

Ila gramu peke yake haimalizi habari, namna uzito unavyogawanywa ni nusu ya kesi. Meze Empyrean ni gramu 430 lakini ina ule ukanda mpana wa ngozi unaoning'inia chini ya fremu na kulala juu ya kichwa chote, hivyo hakuna sehemu moja inayobeba mzigo wote. Kuna nyepesi ambazo zinabana mataya mpaka unahisi meno, na kuna nzito zinazokaa kama kofia. Hili huwezi kulisoma popote, kichwa chako ndo kitakwambia.

Sasa tuje kwenye pedi, zile laini zinazozunguka sikio, maana hapa ndo sauti na starehe zinakutana na watu wanapita tu kama vile ni mto wa kawaida. Fanya hivi leo: vaa hedifoni zako, hasa kama ni zile za mgongo uliofungwa, ambazo nyuma ya kikombe hazina matundu, weka wimbo wenye besi nzito, afu kwa kidole inua pedi kidogo tu, unene wa kadi ya simu, pale chini ya sikio. Besi inakimbia. Yaani inaondoka kabisa, kama mtu kaizima. Sasa fikiria mvaaji wa miwani, ule mkono wa miwani unafanya hivyohivyo kutwa nzima, pedi haikai sawa na hewa inavuja. Mi navaa miwani na nilikaa muda mrefu nikidhani hedifoni fulani hazina besi kumbe nilikuwa naimwaga mwenyewe pembeni ya sikio. Nikabadilisha nikaweka miwani yenye mikono myembamba, na zile zile hedifoni zikawa kitu kingine.

Ngozi halisi na ngozi bandia zinaziba vizuri kwa hiyo besi inakaa, lakini joto nalo linakaa, baada ya saa moja masikio yamelowa. Mahameli yanapumua, hayashiki jasho, ni laini kwenye ngozi, ila yanavujisha hewa kidogo na besi inapungua uzito. Mi mwenyewe nachagua mahameli bila kufikiria mara mbili, bora nipoteze besi kidogo kuliko kukaa na masikio yanayochemka. Mwingine atachagua kinyume na sitamlaumu. Alafu sponji ya ndani ikichoka ikashuka, sikio linasogea karibu na draiva na sauti inabadilika taratibu bila wewe kujua, unaanza kusema hedifoni zimezeeka kumbe kilichozeeka ni sponji.

Na hili la ngozi bandia lazima niliseme kwa sababu liliniudhi sana. Nilinunua hedifoni ambazo zilisifiwa kwa vifaa vya kifahari, alumini iliyopigwa msasa, mishono mizuri, boksi lake tu ungesema la vito. Haikufika miaka mitatu nikaanza kuona vichenga vyeusi kwenye kola ya shati. Mwanzo nilidhani ni vumbi. Ni pedi zilikuwa zinabanduka, jasho na unyevu vinaila ile plastiki ya juu na inamenyeka kama ganda, mpaka shavuni naziona. Sawa, hiyo ni kawaida ya ngozi bandia na wala sio kosa kubwa, pedi ni kitu cha kubadilisha. Shida ni kwamba zile zilikuwa zimegundishwa. Gundi. Nikawaandikia watengenezaji kuuliza pedi, jibu ni kwamba haziuzwi peke yake. Alumini yote ile ipo mpaka leo, haina mkwaruzo, na hedifoni hazivaliki.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasifia chuma na mbao kwanza namuuliza, pedi zinatoka? Kebo inachomoka? Ukanda wa kichwani je? HD 600 imetoka 1997 na kwa kuitazama ni plastiki tu, ukiishika mkononi mara ya kwanza unaweza kudhani umeibiwa. Lakini pedi unavuta zinatoka, kebo unachomoa upande kwa upande, wavu wa chuma wa nje unatoka, sponji ya juu unabadilisha, vyote kwa mkono bila kifaa chochote. Hiyo kwangu ndo maana ya kitu kilichotengenezwa vizuri. AirPods Max nazo kwenye pedi nawapa haki yao, zinashikwa na sumaku, unavuta tu. Na Meze 99 Classics, vikombe vya mbao ya wolnati, gramu 260, inafunguka yote kwa skrubu. Inaonyesha kwamba uzuri wa macho na urahisi wa kutengeneza vinaweza kukaa pamoja mtu akiamua.

Kwenye sauti yenyewe sasa. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 za aina zote, akalinganisha bei na jinsi kila moja inavyogawa besi, sauti za katikati na za juu, na hakuona uhusiano wowote. Nilipoisoma mara ya kwanza nilibisha, afu nikakumbuka hedifoni zangu mwenyewe nikanyamaza. Bei inanunua vitu vingine, na baadhi ni vya kweli. Utopia ina draiva ya berili, metali nyepesi na ngumu ajabu, na nilipopata nafasi ya kuisikiliza kwa muda, jinsi ngoma inavyoanza na kukoma pale pale bila mkia, sijaisikia kwingine. Kampuni ya Stax wao wanatumia umeme tuli, utando mwembamba unachajiwa volti 580 na lazima uwe na mashine yake maalum, na sauti inatoka laini kama haitoki kwenye kitu. Huko vifaa vinalipa, kwa sababu viko ndani, kwenye kile kinachotikisika. Mbao ya nje kwenye hedifoni za mgongo wazi? Inapendeza, basi.

Hata hao wakubwa hawapati yote mara moja. HD 800 inajulikana kwa upana, unasikia kila chombo kimekaa sehemu yake mbali na kichwa, lakini wengi waliona sauti za juu zinachoma, na 2016 ikaja HD 800 S yenye kifyonza sauti kidogo ndani ya kikombe cha kupunguza ule ukali. Ukali huo ndo aina ya kitu usichokisikia dakika ya tano. Dakika ya tano unauita uwazi. Baada ya saa na nusu unajikuta unapunguza sauti na hujui kwanini.

Ukienda kujaribu basi, nenda na miwani yako kama unavaa, na muziki unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji. Omba ukae nazo muda mrefu, wakikataa tafuta mtu mwenye nazo uazime jioni moja. Weka sauti ya wastani, usiipandishe, maana hedifoni yoyote ikipandishwa inaonekana nzuri. Soma kitu, fanya kazi zako, sahau kwamba unajaribu. Angalia tu ni mara ngapi mkono umeenda kichwani kuzirekebisha. HD 600 zangu ziko kichwani tangu nianze kuandika haya, pedi ni za tatu, nimezibadilisha mwezi uliopita kwa chini ya dakika moja.