Kabla hujanunua paneli, itazame ndoo ya maji ya moto

Msimu wa korosho ukiingia na pesa zikaanza kuonekana, mafundi wa sola hapa Mtwara hawalali. Mimi nilifunga ya kwangu msimu mmoja kama huo, na leo naandika hesabu ambayo ningetamani mtu anifanyie kabla sijatoa hela, maana naona majirani zangu wa Chuno wanaelekea kulekule.

Fundi aliniambia, "Kaka, hii inabeba nyumba nzima, mpaka maji ya kuoga." Betri aliyonifungia ilikuwa ya gari. Betri ya gari kazi yake ni kuamsha injini kwa sekunde chache, kisha ijazwe palepale. Ukiikamua usiku kucha kwa taa, feni na televisheni, unaiua. Yangu haikumaliza mwaka wa pili. Paneli nayo aliigeuzia barabarani, upande wa kusini. Sisi tuko nyuzi 10 hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli yetu inatakiwa kutazama kaskazini, iinamishwe kidogo tu ili mvua iioshe. Halafu kuna mnazi wa jirani. Saa tisa alasiri kivuli cha kuti moja, upana wa kiganja, kilikuwa kinapita juu ya kioo, na namba kwenye kontrola, kile kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kuujaza kwenye betri, inashuka kutoka ampea 7 hadi 3. Seli zimeungwa kama mnyororo. Ukizibana chache, zote zinadhoofika.

Lakini hayo ni ya ufundi. Kosa langu kubwa lilikuwa la hesabu.

Tuchukue paneli ya wati 400 na betri ndogo ya lithiamu, ambayo mwezi uliopita nilitajiwa Sh 1,200,000 pamoja na kufungiwa. Kwa jua letu, ukitoa kinachopotea kwenye betri na inveta (kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe wa vyombo vya nyumbani), utavuna uniti kama 40 kwa mwezi. Aliye kwenye tarifu ya kawaida, ambaye Sh 1,000 inampa uniti 2.8, anaokoa Sh 14,000 na kitu kwa mwezi. Hela yake itarudi baada ya miaka 7. Aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo, yule ambaye Sh 1,000 inampa uniti 8, anaokoa Sh 5,000 tu. Huyo atasubiri miaka 20, na betri hiyo haitafika huko. Paneli ni ileile, paa ni lilelile. Basi kabla hujamwita fundi, nunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, uone unapewa uniti ngapi.

Mimi nilikuwa tarifu ndogo, ila kila mwezi nafika uniti 90, na ukivuka 75 zile za juu unazilipia zaidi ya mara tatu. Nikaanza kusoma mita kabla na baada ya kila kitu. Presha kuka ya umeme ikichemsha maharage ilikula uniti 0.4, na hiyo ni nafuu kuliko mkaa wangu wa Sh 1,000. Friji haikunitisha. Ila hita ya maji! Ndoo moja ya lita 20, nusu uniti. Ndoo moja ya mama, moja ya watoto, kila siku: uniti 30 kwa mwezi. Na hii ndiyo kazi niliyotaka kuitwisha sola, nichukue jua, niligeuze umeme, niuhifadhi kwenye betri, kisha niugeuze tena joto, na kila hatua inapoteza.

Nilichukua dumu la njano, nikalipaka rangi nyeusi, nikalilaza juu ya mabati saa tatu asubuhi. Saa kumi maji yalikuwa ya kumfaa mzee kuoga. Gharama ni kopo la rangi. Mwezi uliofuata tulimaliza na uniti 61.

Sisemi sola haina maana. Shangazi yangu anaishi shambani, wilaya ya Newala, nguzo za umeme hazijamfikia. Alikuwa analipa Sh 500 kila akichaji simu, simu mbili, mara tatu kwa wiki; hiyo ni Sh 12,000 kwa mwezi bila kuhesabu betri za tochi. Seti yake ndogo ya taa tatu, Sh 150,000, ilijilipa kwa mwaka mmoja na kidogo. Huko sola ningeipigania kwa nguvu zote. Hata hapa mjini naitaka kwa taa na feni umeme ukikatika, lakini hapo nanunua utulivu, sipunguzi gharama ya LUKU.

Shida iliyobaki ni ya mama. Amezoea kuoga alfajiri, na maji ya dumu yako tayari jioni. Kipupwe hiki amekubali kuhama hadi saa kumi na moja jioni. Mvua zikianza Desemba na mawingu yakatanda, tutabandika sufuria yake kwenye gesi, jiko likiwa bado limewaka baada ya chai.