Ukikarabati jikoni ili uuze, fikiria sufuria ya mnunuzi

Mama mmoja alikuja kutazama nyumba yetu ya Kiamunyi, hapa Nakuru, akiwa na binti yake. Sebuleni alipita tu. Alipofika jikoni alisimama mbele ya meko ya umeme ya kioo tuliyokuwa tumeipachika kwenye granaiti wiki mbili kabla, akaipapasa kwa kiganja, kisha akaniuliza, "Na ugali mnasongea wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Meko ile ni bapa na laini. Ukiweka sufuria ya ugali wa watu wanane, maji yatachemka vizuri tu. Lakini ukishatia unga na kuanza kusonga, ukiukandamiza kwa mwiko kwenye ukingo, sufuria inakukimbia. Huna chuma cha kuizuia. Tena sufuria ya alumini iliyotumika miaka mingi huwa imebonyea kitako, kwa hiyo inagusa kioo sehemu tu na moto hauifikii vizuri. Na zile meko za kisasa zaidi zinazopasha kwa sumaku hazitambui kabisa alumini ya kawaida. Mnunuzi angelazimika kununua vyombo vipya ndipo apike kwenye nyumba aliyoinunua.

Nyumba hiyo ilikuwa ya marehemu shangazi yetu, na sisi ndugu tulikubaliana tuikarabati kidogo kisha tuiuze, kila mtu apate fungu lake. Niliona uchungu kwa sababu pesa ya ukarabati ilikuwa ya wote, wakiwemo wadogo zangu wawili waliokuwa wakisubiri karo. Karibu nusu ya pesa hiyo tuliimaliza dukani: meko ya kioo, oveni ya kupachika, mashine ya kuosha vyombo. Watu wakaja, wakasifu, wakaondoka. Aliyenunua mwishowe aling'oa meko, akaweka ya gesi, na ile mashine ya kuosha vyombo akatuambia tuichukue.

Nimeshasaidia kuuza nyumba nyingine mbili tangu hapo, na msimamo wangu sasa ni huu: katika nyumba ya kuuza, pesa ya jikoni iingie ukutani kwanza. Ya dukani iwe kidogo, na pengine isiwepo kabisa. Huku kwetu mnunuzi haji mikono mitupu. Ana friji yake, ana meko yake, ana maikrowevu aliyopewa siku ya harusi. Anachotafuta ni mahali pa kuviweka, na pawe tayari.

Kuwa tayari maana yake ni mambo ambayo hayaonekani kwenye picha za matangazo. Chukua umeme. Soketi ya kawaida ni ya ampea 13, na kwa umeme wetu wa volti 240 inabeba takriban wati 3,000, basi. Oveni pamoja na meko ya umeme vikiwashwa vyote vinaweza kufika wati 7,000, yaani karibu ampea 29. Vinahitaji laini yao wenyewe kutoka kwenye boksi la fyuzi, waya mnene wa milimita 6 za mraba, na ile swichi kubwa nyekundu ukutani. Katika nyumba ya shangazi fundi alikuwa amechomoa laini ya oveni kutoka soketi ya jagi la chai. Tuliigundua siku ukuta ulipoanza kunuka plastiki. Ilibidi tupasue taili mpya, tupitishe waya upya, tupige plasta, na taili za rangi ile hatukuzipata tena mjini.

Kisha gesi. Serikali iliondoa VAT ya asilimia 8 kwenye gesi ya kupikia Julai 2023, lakini hata kabla ya hapo watu wengi mjini walikuwa wameshazoea mtungi wa kilo 13. Sasa ingia jikoni nyingi zilizokarabatiwa uone mtungi umewekwa wapi: ndani ya kabati la MDF (zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa), chini ya sinki, mlango umefungwa. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inatulia sakafuni, ndani ya kabati hilohilo, ikingoja cheche. Mwombe fundi atoboe ukuta, apitishe bomba, mtungi ukae nje kwenye kizimba cha chuma chenye kufuli, mbali na mfereji wa maji taka. Ni kazi ya siku moja. Nimeona baba mmoja akitazama kizimba hicho kwa muda mrefu kuliko alivyotazama chumba cha kulala, kisha akamwita mkewe aje aone.

Kama ni lazima ununue kitu, nunua meko. Ile ya kusimama yenye vichwa vitatu vya gesi na kimoja cha umeme inaeleweka na kila mtu, na tokeni za umeme zikiisha watu hawalali njaa. Ukipenda ya kupachika, chagua ya gesi yenye vyuma vizito vya kukalia sufuria, si vile vijiti vyembamba. Nenda dukani na sufuria yako kubwa. Kweli, ibebe. Iweke pale juu, uishike mkono mmoja, uzungushe mwiko kwa mwingine, uone kama inayumba. Muuza duka akikushangaa mwache ashangae.

Kuna vifaa vinavyotumwa na ndugu walio ng'ambo au vinavyouzwa kama mitumba kutoka Uingereza. Vingi ni imara, sivikatai. Ila meko iliyotengenezewa gesi ya mabomba ya Uingereza ina matundu makubwa mno kwa gesi yetu ya mtungi. Usipobadilisha hivyo vitundu moto unakuwa wa manjano na sufuria zinajaa masizi. Na maikrowevu ya Marekani ni ya volti 120. Ya kaka yetu tuliichomeka kwenye soketi ya jikoni, ikafa papo hapo.

Friji sinunui kabisa kwa nyumba ya kuuza. Ninachofanya ni kupima nafasi, kuweka soketi yake pekee, na kuacha uwazi nyuma na kando ili ipumue. Mnunuzi akiniuliza ushauri namwambia atazame ile lebo ya nyota, inayoonyesha friji inavyookoa umeme, kabla ya kutazama rangi, na anunue kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka.

Lakini kama kuna kifaa kimoja ambacho ningemshawishi kila mwenye nyumba Nakuru akiweke, ni chujio la maji la mkaa wa mifupa. Sisi wa Bonde la Ufa tunajua meno ya kahawia yanatoka wapi. Maji ya visima vingi huku yana floraidi, madini yanayotia meno ukahawia, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe, na kuyachemsha hakuiondoi hata kidogo. Yakipungua kwa mvuke ndiyo kwanza floraidi inazidi kuwa kali. Mkaa wa mifupa unaivuta floraidi, na teknolojia hiyo imetengenezwa na kuuzwa papa hapa Nakuru kwa miaka mingi. Mkaa huchoka, kwa hiyo mwonyeshe mnunuzi tarehe uliyoubadilisha mara ya mwisho. Katika nyumba ya pili niliyosaidia kuuza, iliyoko upande wa Lanet, tuliweka bomba dogo la tatu kando ya sinki, la maji ya kunywa tu. Mwanamke mwenye watoto wawili wadogo alilifungua, akanywa, akauliza kama linabaki na nyumba. Hilo swali hakuna aliyewahi kutuuliza kuhusu mashine ya kuosha vyombo.

Jambo lingine la huku ni jiko la nje. Nakuru iko juu, karibu mita 1,850, na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa hiyo maharagwe na githeri vinachukua muda wake. Wenye nyumba wengi huchemshia nje, kwa makaa, ili kuokoa gesi. Kibaraza kidogo nyuma chenye paa, meza ya saruji na bomba la maji kinagharimu chini ya oveni moja nzuri, na mama wa nyumba akikiona anaanza kupanga atakavyokitumia.

Na hesabu ya kodi isisahauliwe. Tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji, ile inayotozwa kwenye faida unayopata ukiuza nyumba, ni asilimia 15. Mwenye nyumba aliyeishi humo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza anasamehewa, ila familia nyingi zinazouza nyumba ya marehemu hazimo katika kundi hilo. Gharama za kuboresha nyumba hupunguzwa kwenye faida, bora uwe na risiti. Waya, mabomba, kabati zilizojengewa ukutani, hizo ni za nyumba. Friji ya kusimama ni mali ya kuhamishika, na wakili atataka iandikwe kwenye mkataba kama inabaki au inaondoka. Yaandikeni hayo mapema. Nimeona mauzo yakikwama wiki nzima kwa ajili ya oveni.

Dada yangu anakarabati nyumba Mamboleo, Kisumu, naye anataka kuuza kabla ya mwisho wa mwaka. Kule hali ni nyingine kidogo: joto ni kali na samaki ni wa kila wiki, kwa hiyo nafasi ya friza haina mjadala. Hata kifyonza moshi juu ya meko nimemwambia aweke, mradi bomba lake litoke nje ya ukuta. Kile kinachozungusha hewa ndani kupitia kichujio hakitamsaidia mtu anayekaanga ngege jioni na wageni wako sebuleni.

Alinipigia juzi akiwa dukani, ameipenda friji ya milango miwili, upana sentimita 91. Nikamwomba arudi nyumbani kwanza apime. Jana usiku alinitumia picha ya futi imelazwa kati ya ukuta na kabati: sentimita 74. Kesho fundi wa umeme anakuja kuhamisha soketi.